Fundi Aliyefumba Macho

Kyakimwa alikuwa amekata shauri: leo Timothée atamtazama, hata ikibidi amshike kichwa na kukigeuza kwa mikono miwili.

Alishuka kwenye pikipiki mbele ya karakana ya fundi huyo, mtaani Mangobo, akaruka dimbwi la mvua ya asubuhi na kujitengeneza kilemba. Ilikuwa Ijumaa, siku ya thelathini na nane ya Kwaresima, na kwa siku zote hizo thelathini na nane Timothée hakuwa amemtupia hata jicho moja. Mwanamke anaweza kuvumilia mambo mengi. Kuna hata wanaovumilia mume asiyesema. Lakini kutotazamwa na mtu ambaye zamani alikuwa akikutazama mpaka anasahau alichokuja kununua, hilo halina dawa.

Maana zamani ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumanne Timothée alikuwa akija katika duka la vitenge la Papa Augustin, baba yake Kyakimwa, kutafuta uzi. Angesimama mbele ya meza, amwangalie Kyakimwa, aombe uzi wa bluu, aondoke na mwekundu, kisha arudi Jumatano kuubadilisha. Hawakuwahi kuambiana neno la mapenzi. Nyuzi ndizo zilizokuwa zikienda na kurudi, na macho yakimaliza yaliyobaki.

Papa Augustin si kipofu. Aliziona hizo Jumanne, na alizizungumzia mara moja tu, mezani, huku akimega ugali. Alisema kwamba yeye ametoka Butembo na bidhaa zake mgongoni, hakutoka huko ili binti yake aolewe na fundi cherehani wa Basoko, watu wa mto, wanaokula samaki asubuhi na jioni na kungojea maji yapande. Mkwe alikuwa amekwisha kupatikana. Ni Franck, wa Butembo vilevile, muuza pikipiki, kijana wa suti. Ukoo wake ungekuja kujitambulisha Jumatatu ya Pasaka, na nguo ya siku hiyo, kwa ukaidi wake mwenyewe, Kyakimwa aliipeleka kushonwa kwa Timothée. Alitaka aone kama mtu anaweza kumshonea mpenzi wake nguo ya kupokelea mwanamume mwingine bila kusema kitu. Ikawa anaweza. Fundi alisema tu, macho yakiwa kwenye pedali, kwamba itakuwa tayari Ijumaa.

Kumbe jambo lenyewe lilikuwa na mzizi wake parokiani. Jumatano ya Majivu, Abbé Carlos, padri wao, aliweka kikapu chini ya msalaba, akawaambia waamini kwamba utakatifu si kazi ya wale walio kwenye vioo vya madirisha peke yao. Unaanzia jikoni, sokoni, kwenye mashine ya kushonea. Kila mtu aandike kwenye karatasi jambo moja dogo la kila siku atakalolishika mpaka Pasaka. Wakristo wakaandika. Mungu peke yake ndiye anayejua alivyocheka siku ile.

Kyakimwa aliandika kwamba hatasema uongo. Wiki ya kwanza tu alimwambia mteja, mbele ya baba yake, kwamba kitenge kile cha kijani kinachuja rangi. Papa Augustin alitumbua macho, lakini naye alikuwa na karatasi yake kikapuni: hatakasirika wala kupaza sauti. Basi alipita nyuma ya marobota, akasali Salamu Maria tatu, akarudi akiwa mpole na jasho likimtoka. Wapagazi wake walisema hawajawahi kuona Kwaresima tamu kama hiyo. Na Mama Odile, muuza mikate aliyekaa na karai lake la mafuta mlangoni pa karakana ya Timothée, aliandika kwamba ataacha songi-songi. Tangu siku hiyo umbea wote wa Mangobo ulikuwa umemjaa kifuani, na mtu akipita na habari mpya, yeye alikuwa akijiweka leso mdomoni.

Karatasi ya Timothée hakuna aliyeijua.

"Bonjour, Ya Timo," alisema Kyakimwa, akimwita kaka kama kawaida yake.

"Bonjour, mama," akajibu fundi, akitazama sindano.

Mama! Kama mteja yeyote wa soko. Kyakimwa alimeza hasira, akauliza nguo iko wapi.

"Robe iko tayari, iko nyuma ya rideau. Uvae, kisha uniambie kama inakaa muzuri."

"Nikuambie? Weye fundi hauwezi kuona?"

"Nitasikia," akasema Timothée.

Mama Odile mlangoni akakoroga mafuta yake kwa nguvu ambayo mafuta hayakuhitaji.

Kyakimwa aliingia nyuma ya pazia. Nguo ilikuwa nzuri kiasi cha kumtia mtu uchungu. Kitenge cha bluu ya usiku alichopewa na baba yake, kipande cha mwisho cha robota, kilikuwa kimekatwa hivi kwamba maua yalikutana kwenye mishono bila kuvunjika hata jani. Mtu hashoni hivyo kwa chuki. Aliivaa, akapeleka mkono mgongoni, akavuta zipu. Ikapanda mpaka kiunoni, ikasimama.

Hapo ndipo dhambi yake ilipomkumbuka. Wiki mbili nyuma, alipokuja kupimwa, Timothée alimpitishia utepe chini ya pazia, akamwomba ajipime mwenyewe na kutaja namba. Wanawake wote alikuwa akiwafanyia hivyo tangu Kwaresima ianze, na Kwaresima hiyo wanawake wote wa Mangobo walikuwa wamekonda ghafla. Kila aliyekuwa nyuma ya pazia alitaja kiuno alichokuwa nacho siku ya harusi yake. Nguo zilirudi zimepasuka kwapani, na wenyewe wakalaumu mashine. Kyakimwa naye aliona kwenye utepe sabini na sita, akafikiri juu ya masikio ya yule aliyekuwa anasubiri upande wa pili, akasema sitini na nane. Aliyeahidi kutosema uongo!

Alishika pumzi, akavuta tena. Zipu ikapanda vidole viwili, ikauma kitambaa, ikagoma. Haikwenda juu, haikushuka chini.

"Iko namna gani?" akauliza Timothée kutoka kwenye mashine.

Kyakimwa alitafuta jibu lisilo uongo. "Inanikamata."

"Inakukamata muzuri ao mubaya?"

"Inanikamata, Ya Timo. Haitaki kuniachilia."

Fundi akamwita Mama Odile amsaidie. Mama Odile akainuka kwa furaha, akainua mikono: yote ilikuwa inang'aa mafuta mpaka kwenye viwiko. Timothée aliisikia harufu ya mikate ikikaribia kitenge chake, akamsihi kwa jina la Bikira asiguse kitu. Mama Odile akarudi kwenye kigoda chake akiwa na huzuni. Basi hakukubaki mtu mwingine. Timothée akasimama, akafumba macho kabisa, akanyoosha mikono mbele, akaenda.

Aligonga pasi ya makaa, bahati nzuri ilikuwa baridi. Akakanyaga mkasi. Akalishika pazia akidhani ni ukuta, akaliegemea, nalo likaanguka chini pamoja na fimbo yake. Akaomba radhi, akaendelea, mpaka ncha za vidole vyake zikagusa bega la Kyakimwa.

Wote wawili wakaganda. Kyakimwa alisikia moyo wake ukipiga ndani ya nguo ile iliyobana, na aliogopa kwamba kitambaa kitaupeleka mpaka kwenye vidole vya fundi. Huyu ndiye aliyemtaka. Si mwingine, hata angekuja na pikipiki mia. Na siku kumi zilikuwa zimebaki kabla ya ukoo wa Franck kuketi sebuleni kwao.

"Vuta pumzi," alinong'ona Timothée, akiitafuta zipu.

"Niko navuta tangu nilipoivaa."

"Basi uishike."

Aliishika, kisha akaiachilia, maana kulikuwa na jambo lililomsonga kuliko nguo. "Ya Timo, ju ya nini hauniangalii? Nilikufanyia nini?"

Vidole vikasimama mgongoni kwake.

"Haukunifanyia kitu. Ni karatasi yangu ya kikapu. Niliandika kama mpaka Pasaka sitaangalia mwanamuke hata mumoja."

Kyakimwa aligeuza shingo, akamwona: mtu mzima, utepe shingoni, macho yamefumbwa mpaka paji la uso limekunjamana. "Weye? Fundi ya nguo ya banawake?"

"Abbé alisema tuandike kitu ya kila siku," akasema Timothée kwa unyonge.

Kyakimwa hakujua kama acheke au alie. Alikuwa bado anachagua pale Mama Odile alipoona, barabarani, Papa Augustin akishuka kwenye pikipiki. Mzee alikuwa amekuja kuona jinsi kitenge chake kilivyotendewa. Siku nyingine Mama Odile angepiga yowe la kuwaonya. Lakini kumwambia mtu habari za mtu mwingine si ndiyo songi-songi yenyewe? Alisita, akapima dhamiri yake, kisha akalipiga karai kwa mwiko mara tatu. Ndani hakuna aliyeelewa.

Papa Augustin akaingia. Pazia lilikuwa chini. Binti yake alikuwa amesimama, pumzi juu juu, na nyuma yake fundi wa Basoko, macho yamefumbwa kama mtu aliye katika raha ya peponi, mikono yote miwili mgongoni mwake.

Mzee alifungua kinywa. Mshipa wa shingo ukasimama. Mama Odile aliweka leso mdomoni na kungoja radi. Kisha kitu fulani kikapita usoni mwa Papa Augustin, kumbukumbu ya kikapu, na kinywa kikajifunga polepole.

"Salamu Maria," akaanza, kwa sauti nyembamba, "umejaa neema."

Aliisali yote mpaka Amina, bila kumwondolea Timothée macho. Timothée, mtoto mwema wa parokia, akaungana naye kwenye sehemu ya pili huku bado ameshika zipu.

"Kijana," akasema mzee kwa upole uliotisha kuliko kelele, "uko nafanya nini?"

"Ni nani anauliza?"

"Ni papa yake."

Mikono ya Timothée ikapaa hewani. Macho hayakufumbuka. Akaeleza akiwa hivyo, mikono juu kama mtu aliyekamatwa: karatasi, kikapu, ahadi, zipu. Papa Augustin alisikiliza mpaka mwisho, akivuta pumzi kwa pua. Kisha akaizunguka nguo na kuikagua kama anavyokagua robota, akauliza ni fundi wa namna gani anayeharibu kitenge kama kile. Hajui kupima?

"Ni kosa yangu, papa," akajibu Timothée upesi. "Nilipima mubaya. Nitarudilia yote."

Kyakimwa angeweza kunyamaza. Kosa lilikwisha kubebwa, na aliyelibeba alikuwa tayari kulipeleka hadi Basoko. Lakini alimtazama mtu huyo aliyefumba macho akisema uongo kwa ajili yake, akaona aibu iliyomfikia mpaka kwenye visigino.

"Papa, si yeye," akasema. "Mi nilidanganya. Nilisema soixante-huit."

"Na iko ngapi?"

Hilo sasa lilikuwa gumu. Kyakimwa alitazama dari. Alitazama pasi. Utakatifu una mipaka yake, alifikiri, na mpaka huu uko kiunoni.

Papa Augustin akaachana naye, akamgeukia fundi. "Fungua macho. Utoe mutoto yangu ndani ya ile nguo."

"Papa, niliahidi Mungu."

"Uliahidi Mungu kushona mubaya? Banawake ya hii quartier yote banatembea nguo imepasuka, ju ya utakatifu yako." Sauti ilianza kupanda, akaishusha kwa nguvu. "Abbé alisema tuanzie ku kazi. Kazi ya fundi ni kuona. Alors, ona."

Timothée aliinua uso kuelekea dari. Midomo ilitikisika, labda anaomba ruhusa huko juu, labda msamaha. Kisha akafumbua macho.

Mwanga ulimchoma, akapepesa. Akamwangalia Kyakimwa, kwanza uso, kisha mabega, kisha nguo yote mpaka pindo, akarudi tena usoni na kubaki hapo. Siku thelathini na nane zilikuwa zimerundikana katika yale macho. Kyakimwa, aliyekuja kuyadai kwa ubabe, akajikuta yeye ndiye anayeangalia chini.

"Septante-six," akasema Timothée.

"Unasema nini?" akauliza Kyakimwa.

"Kiuno. Iko septante-six. Ni vile vile tangu Noël."

Mama Odile mlangoni alitoa mlio mdogo ndani ya leso. Kyakimwa alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na namba yake. "Ulijua? Na ukashona soixante-huit?"

"Weye ulisema soixante-huit. Singeweza kukuita muongo." Akachukua wembe, akaachilia kwanza zipu kwa kuikata nyuzi mbili, kisha akapiga goti na kufungua mshono wa ubavuni. "Donc nilishona vile ulisema. Lakini nilikuwekea hii."

Mshono ulifunguka, na ndani yake kitenge kilikuwa kimekunjwa vizuri, vidole viwili vizima, kimeshikizwa kwa nyuzi nyepesi za mkono. Akafungua ubavu wa pili. Vidole viwili tena. Maua ya bluu yaliyokuwa yamelala ndani yakatoka na kukutana na wenzao, jani kwa jani.

Papa Augustin aliinama. Alishika kile kitambaa kwa vidole vyake vya muuzaji, akakisugua, akakipima kwa kiganja. Miaka thelathini anauza vitenge, na mafundi anawajua: unampa kipande kizima, anakurudishia nguo, na mabaki huwa hayana kaburi, utayaona mwezi ujao yamekuwa kilemba cha mke wake. Fundi aliyerudisha mabaki kwa kuyaficha ndani ya nguo ya mteja, kwa siri, ili mteja asiaibike, huyo hakuwa amemwona. Mshipa wa shingo ulilala wenyewe, bila Salamu Maria.

"Na ile karatasi," akasema mzee akiwa bado ameinama. "Banawake bote ya Mangobo banakusumbua?"

"Hapana, papa. Ni mumoja."

"Basi ungeandika ule mumoja."

Timothée akatazama wembe wake. "Catéchiste anasomaka makaratasi. Niliogopa kuandika jina. Nilikuwa nasali, naona yeye. Nashona, naona yeye. Kisha nikasikia kama Franck anamuoa, na kutamani bibi ya mwenzako ni zambi. Njo maana nikaandika banawake bote."

Mlangoni Mama Odile aliacha mkate uungue.

Papa Augustin alinyooka, akajishika kiuno kilichouma, akamtazama binti yake. Alikuwa anajua atauliza nini, na alikuwa anajua pia kwamba mtoto huyu, tangu Majivu, akiulizwa anajibu. Ni yeye mwenyewe aliyemsifu kwa shangazi zake wote.

"Kyakimwa. Franck, unamupenda?"

"Hapana, papa."

"Na huyu?"

Kyakimwa alimwangalia fundi aliyepiga goti, pini mdomoni, uso umemwiva, akaitikia kwa kichwa. "Njo, papa. Tangu uzi ya bluu."

"Hii Carême na makaratasi yake itaniua," akasema Papa Augustin.

Akatafuta kiti, akakaa. Akakubali mkate mmoja kutoka kwa Mama Odile, akautafuna polepole kama mtu anayetafuna mipango yake mwenyewe. Ndoto ya mkwe wa Butembo haikuwa ndogo, na haikushuka kooni kwa urahisi. Kyakimwa alimwona akimeza, akataka kumkumbatia, lakini ubavu ulikuwa wazi na pini zilikuwa kila mahali.

"Mama yako iko Basoko?" mzee akamuuliza fundi mwishowe.

"Njo, papa."

"Bateau inapanda mto siku ngapi?"

"Tatu. Kama moteur inaharibika, tano."

"Bon. Leo nitapigia papa yake Franck simu, nitamwambia ukweli, ju nyumba yangu sasa inasema ukweli tu. Atakasirika, yeye hakuandika karatasi." Akapangusa mafuta vidoleni. "Kisha, usikie muzuri. Mpaka Pasaka niliahidi Mungu sitapiga kelele. Kisha ya Pasaka, sijui. Mama yako afike mbele ya Pasaka. Na alete samaki."

Akainuka, akatoka bila kuaga, maana mtu akikaa sana mahali ambapo ameshindwa, ataanza kushindana upya. Mlangoni Mama Odile alimzuia. Macho yalikuwa yamemtoka, leso imelowa.

"Papa Augustin, pardon. Hii ni songi-songi, ao ni Habari Njema?"

Mzee alifikiri. "Ni Habari Njema," akasema. "Sema polepole."

Alikuwa hajafika kwenye pikipiki na tayari mtaa wa pili ulikuwa unajua.

Ndani, Timothée alishona ubavu wa kwanza kwa mkono, kisha wa pili, nguo ikiwa mwilini, sindano ikienda kwa uangalifu wa mtu anayebeba yai. Hakumchoma hata mara moja. Alipofika mwisho aliuma uzi, akapandisha zipu. Ikapanda moja kwa moja mpaka shingoni bila kelele. Kyakimwa akavuta pumzi, yote, mpaka ndani kabisa, pumzi ya kwanza nzima tangu Jumatano ya Majivu, na nguo ikamruhusu.

Timothée alirudi nyuma hatua mbili, akasimama.

"Uko naangalia nini?" akauliza Kyakimwa.

"Kama robe inakaa muzuri."

"Na inakaa namna gani?"

"Ngoja," akasema fundi. "Bado sijamaliza kuangalia."